Fidla Niliyoichagua Nikiwa Nimegeukia Ukuta

Mjukuu wangu Rahma,

Marahaba. Salamu zako zimetufika hapa Michenzani. Bibi yako hajambo, goti limempoa na ngazi anapanda mwenyewe.

Umeuliza fidla ya kuingilia kikundi uinunue wapi: duka kubwa la Dar, duka dogo la Mji Mkongwe, au mtandaoni. Nami niliwahi kutafuta fidla ili nipokewe katika kikundi cha taarab. Nilikuwa karani kijana, mwoga wa kuchekwa. Dukani nikaishika moja nyekundu, inang'aa, nikasema upesi, "Nnataka hii."

"Hata hujaisikia!" akasema mwenye duka, mzee wa Kihindi. "Karani, unanunua fidla au kabati? Hebu geuka, utazame ukuta."

Wateja wakacheka. Nikageuka, masikio yananiwaka. Akapiga ile nyekundu, kisha akapiga nyengine, wimbo ule ule.

"Haya, ipi?"

"Ya pili."

Nilipogeuka nikaiona: imechubuka ubavuni, nayo nilikuwa nimeipita bila ya kuitazama. Nikainunua hiyo, ninayo hadi leo.

Kwa hiyo, duka lolote ni sawa, mradi muuzaji akubali kukupigia fidla mbili, wimbo mmoja. Wa mtandaoni akurekodie, nawe ilaze simu kifudifudi usikilize. Muulize pia kama anapokea ukirudisha.

Vidole vyangu siku hizi vimekuwa vizito. Nimempa mama yako akutumie sauti ya ile iliyochubuka. Isikilize pamoja na za wauzaji; ukiichagua ni yako, wala usiipendelee kwa ajili yangu.

Babu yako