Wimbo Ambao Hukuufuta

Mwanangu Esperansi,

Amahoro, amani iwe nawe. Ni mimi mama yako wa Ujiji, mama yake Tatu, yule uliyekuwa ukimcheka kwamba akianza kusifu wanawe hata muuza mkaa hutua gunia apumzike kwanza. Sijui barua hii itakukuta wapi. Wengine wanasema ulirudi Bujumbura, wengine wanasema bado uko kambini, na mwingine aliniapia kuwa amekuona Uvira umebeba mtoto mgongoni. Kwa hiyo nimeiandika mara tatu kwa mkono wangu huu wa darasa la nne. Moja inavuka na mashua, moja inakwenda kambini na mama mmoja anayepeleka dagaa huko, na moja Fundi Bakari ataibandika ukutani kwenye kibanda chake cha cherehani pale Mwanga, hapa hapa mjini. Atakayeisoma kabla yako na asome. Mwalimu amenisahihishia herufi, nikamkataza asininyooshee maneno.

Nianze na utamu. Nyimbo zenu bado watu wanazigombea. Ile redio kaseti ya Fundi bado iko juu ya kabati la vitambaa, na mteja akija kupimwa suruali anatoka akiwa amechagua upande. Mwalimu, yule aliyehamishiwa kwetu kutoka Same, amezipanga kwa chaki nyuma ya mlango: wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Mama Sofia akipanda kutoka ufukweni Kibirizi na beseni lake la dagaa anafuta kwa ncha ya kanga anaandika anavyotaka yeye. Mwalimu anasema "Karabai" ndio wa kwanza, kwa sababu humo kinanda kinazungumza peke yake muda mrefu, hamna mtu anayeimba, na bado unaelewa. Mama Sofia hataki kusikia. Kwake ni "Shemeji wa Simbo" tu. Juzi alimwambia, "Mwalimu, wewe unasikiliza kama unasahihisha mtihani. Wimbo usiochezeka na beseni kichwani, huo ni somo." Fundi yeye hasemi sana, lakini ikifika "Foleni ya Unga" anaondoa mguu kwenye cherehani mpaka iishe.

Mwalimu ana elimu yake nyingine. Anawaambia watu kwamba nyimbo zenu za mwanzo zina siri, kwamba kuna sauti moja mnairuka kila mara, makusudi, ili msikilizaji aitamani. Mimi nakaa pale kwenye benchi nacheka ndani kwa ndani. Makusudi gani? Kibonye kile kililoweshwa na ziwa kikafa. Mimi nilikuwepo.

Unakumbuka? Nilikuwa nimeshuka Kibirizi kuchukua dagaa. Boti lenu limefika, watu wameokoa masufuria, wameokoa mbuzi, mmoja ameokoa mlango. Wewe umekaa mchangani umekumbatia kitu kirefu kimeviringishwa kwenye godoro. Nikadhani ni mgonjwa. Nikakuuliza kwa sauti ya chini, mwana wanje, mwanangu, anapumua? Ukaniambia, "Ni kinanda, mama. Cha kwaya." Nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu nikatazama uso wako nikaona kwamba nyumbani kwenu hukubakiwa na mtu mwingine wa kumbeba.

Walikupeleka kambini na wenzako. Ukarudi mjini na kibali cha kutibiwa mguu, ukaja moja kwa moja kwangu, kibali kikaisha na wewe ukabaki. Tatu alikuwa rika lako. Siku ya tatu mlikuwa mnagombania kitana, siku ya nne mnakitumia pamoja, na kabla ya wiki kwisha betri ya gari la jirani ilikuwa ndani kwangu na kinanda kinalia. Watu walitania mwanzoni. Walisema ni muziki wa redio inayokata roho. Hakuna gitaa, hakuna ngoma, msichana mmoja anaimba na mwingine anabonyeza. Kisha wakaanza kusimama dirishani. Kisha harusi haziitwi harusi Ujiji mpaka "wale wawili" wawepo, na mimi nikawa siwezi kupita sokoni bila kuulizwa habari zenu. Nisikudanganye, nilinenepa kwa sifa. Hakuna mama aliyetembea kwa madaha kama mimi mwaka ule, kuanzia Ujiji mpaka stesheni.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe.

Pale kwa Fundi, wakishagombana kuhusu zile tano, siku zote wanaishia kwenye wa sita, ule ambao haumo kwenye kaseti yoyote. Fundi anasema alipita nyuma ya nyumba yetu siku mnaurekodi, akausikia kupitia ukuta, na tangu hapo hajasikia kitu cha kuushinda. Wanauita "Ng'ambo" kwa kuwa ndilo neno alilolishika. Anasema, "Wa kwanza wenyewe ndio huo tusionao." Na hapo lazima mtu atatamka, "Ule alioufuta yule mkimbizi." Wanatikisa kichwa, anageuza kaseti, maisha yanaendelea. Mimi nipo kwenye benchi. Miaka yote hii nipo kwenye benchi, Espe, na sijawahi kufungua mdomo.

Wewe unajua, lakini acha niseme mbele ya watu wote.

Nilikuwa kijijini Simbo siku tatu kwa mavuno ya maharage. Niliporudi nikakuta mwenye mashua ananiambia anavuka asubuhi ile ile kwenda Kalemie, kama nina salamu kwa dada yangu Zuhura nimpe haraka. Zuhura hajui kusoma, barua zetu ni za kaseti, naongea huku anasikiliza kule. Kaseti tupu sina. Nikapekua kwenye boksi lililokuwa kando ya kinanda nikapata moja, haina jina, imechorwa nyota tu kwa kalamu. Kile kijino chake cha plastiki nyuma kilikuwa kimevunjwa. Kila mtu anajua maana yake: mwenyewe ameivunja ili isirekodiwe tena. Na kila mtu Ujiji anajua dawa yake. Nikachana kona ya daftari, nikakunja, nikasokomeza kwenye tundu. Nikasema ni mawaidha ya zamani haya, shehe atanisamehe. Sikuisikiliza kwanza, betri za redio zilikuwa zinakwisha. Nikaingia chumbani nikabonyeza vile vibonye viwili kwa pamoja nikaanza kumwaga maneno.

Ukaingia na ndoo ya maji kichwani. Nikajiwekea kidole mdomoni kukuonya usiniharibie. Ukatabasamu ukatoka kwa kunyata.

Jioni Tatu anaitafuta. Anataka kuipeleka kwa Fundi ikanakiliwe kabla ya Idi. Kumbe mlikuwa mmeshabishana siku mbili, yeye anataka itoke, wewe unasema bado. Hakuiona, akageuka kwako. "Umeifuta wewe. Uliikataa tangu mwanzo." Mimi niko jikoni, mwiko mkononi, na hapo ndipo nilipoelewa kaseti ya nyota ilikuwa nini, na mashua imeshakwenda. Ulinitazama. Hukutazama ukuta wala chini, ulinitazama mimi, na nilijua umekumbuka kile kidole mdomoni. Ulingoja. Ulinipa muda wa kutosha kusema maneno mawili.

Sikusema. Mimi niliyetangaza habari zenu kila kichochoro, siku hiyo ulimi ulikauka. Nilijiambia watoto hawa kesho watapatana, wataurekodi tena. Nilijiambia mama mwenye sifa kama mimi ataambiwa nini na watu, kwamba yeye ndiye aliyeharibu? Ukasema, "Ni mimi, Tatu. Nisamehe." Ukatoka nje ukaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mlilala migongo imegeukiana. Hata wiki haikuisha, tangazo likatoka kwamba wakimbizi wote waliojibanza mjini warudi kambini, na lori likapita mtaa kwa mtaa. Kinanda ulikiacha. Ulisema kambini hakuna betri. Ulinipigia magoti kuaga, ukaniambia urakoze, mama. Asante, mimi! Tatu alikuwa chumbani na hakutoka. Lori lilipopinda ndipo alipotoka mbio, amefika barabarani hakuna kitu ila vumbi. Hakuimba tena. Watu walimsihi, akasema yeye ni nusu ya kitu.

Espe, kaa chini kama umesimama. Tatu hayupo. Masika iliyopita malaria ilimpanda kichwani. Zilikuwa siku sita tu. Siku ya tano alipata nafuu ya kutudanganya, wakaja Fundi, Mwalimu na Mama Sofia kumjulia hali, na ili kumchangamsha wakaanza ugomvi wao wa namba pale pale kitandani, Mwalimu na karatasi yake, Mama Sofia akimwita Mwalimu mwizi wa kura. Tatu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akawaambia, "Hizo zote mnazogombania ni za pili. Wa kwanza Espe aliufuta." Akaongeza, "Ningempata ningemuuliza tu kwa nini. Wala sina kinyongo."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wake. Jibu nilikuwa nalo mimi. Nikajiambia akipona nitamwambia tukiwa wawili. Nikamnywesha uji. Kesho yake adhuhuri akaniacha, na swali lake akaenda nalo.

Dada yangu Zuhura alivuka kuja kwenye arobaini. Siku ya pili akafungua mfuko wake akatoa kaseti, ile ya nyota. Alikuwa ameitunza miaka yote, anasema akinikumbuka anaisikiliza. Alidhani itanifariji. Tukakaa sote chumbani kwa Tatu tukaiwasha, na nikajisikia mwenyewe. Mwanangu, usiombe ujisikie mwenyewe. Ninajisifia bati jipya. Ninajisifia mahindi. Kisha nasema Tatu amekuwa mwimbaji mkubwa, nyimbo zote anatunga yeye, kinanda anapiga yeye, mji mzima unamjua. Nilisikiliza mpaka mwisho nikingoja jina lako. Sikulitaja hata mara moja. Ulikuwa unapita na ndoo ya maji nikiyasema hayo, na nikakunyamazisha kwa kidole.

Salamu zangu zikaisha, nikasikia nilivyokohoa nikazima. Zuhura akanyoosha mkono aitoe. Nikamshika mkono, maana kwenye redio kulikuwa na sauti.

Kumbe mimi, pamoja na mdomo wangu wote, nilikuwa mfupi kuliko wimbo wenu. Ulibaki mkia. Kinanda kinapanda taratibu, kinaruka ile sauti iliyokufa, Tatu anaimba juu yake neno la ng'ambo kwa Kiswahili, na wewe unaliimba chini yake kwa Kirundi. Hata mistari minne haifiki. Kisha kinanda kinazimwa na mnabaki mnapumua, halafu mnaongea, hamjui kama redio bado inachukua.

Tatu anasema, "Huu ndio wa kwanza, Espe. Nyingine zote zipange nyuma. Kesho naupeleka kwa Fundi."

Wewe unasema, "Hapana. Mama ausikie kwanza."

"Mama yako si aliachwa kule?"

"Namsema huyu wa hapa. Akirudi kutoka Simbo. Nimemtungia yeye."

Na Tatu, mwanangu, anacheka kile kicheko chake cha puani, anasema, "Huyo? Atautangaza mpaka Kibirizi hata haujaisha." Hapo ndipo sauti inapokatika.

Nimeirudia mara nyingi. Ndiyo sababu ya ile "bado" yako. Si wivu, si ukaidi. Ulikuwa unaningoja nirudi na maharage yangu, na nilirudi, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kusokomeza karatasi.

Kwa hiyo sikiliza, na wewe Fundi uliyebandika, na Mwalimu, na Mama Sofia, na wote mnaosoma mmesimama: Esperansi hakufuta kitu. Nilifuta mimi, mama yake Tatu. Waliotunga nyimbo zote sita ni yeye na Tatu, nusu kwa nusu, na mlango ule uandikwe upya. Akitokea mtu atakayesema tena "yule mkimbizi" mbele yangu, nitainuka kwenye benchi nimjibu.

Tatu nimemwambia. Nilikwenda makaburini nikamjibu lile swali lake, nimechelewa, nikamwambia kwa sauti, na wapita njia wakasikia. Umebaki wewe. Sikuombi uniitikie. Ukiwa na hasira, ni haki yako. Ila kinanda chako kipo, kiko kwenye godoro lile lile, napangusa kila Ijumaa, na kitanda chako hakijalaliwa na mtu. Kama ukija, njoo mchana, njoo usiku, usibishe hodi. Kama huji, mpe anayevuka neno moja tu kwamba unapumua.

Kaseti ya nyota ninayo mimi. Kile kikaratasi nilichosokomeza nyuma yake nimekitoa kwa sindano, nimekiweka ndani ya bahasha ya barua moja kati ya zile tatu, kile cha kwanza chenyewe, kimekuwa njano. Bahasha hiyo ndiyo inayokuja ng'ambo na mashua. Wala usikitupe. Tundu nimeliacha wazi kama mlivyoliacha nyinyi wawili, na mtu yeyote asije akarekodi tena juu yenu.

Nakuacha na Mungu, mwana wanje, na wimbo wako ambao sasa nimeusikia.

Ni mimi,
mama yako, huyu wa hapa.