Bangili ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Mtafiti katuvisha bangili za plastiki, mimi na shemeji. Eti zinasoma mapigo ya moyo na jasho la ngozi, zinajua mtu akichangamka au akizubaa. Anataka kuelewa watu wanaobuni kitu pamoja. Mimi naandika hadithi za watoto, shemeji anachora – mwaka wa sita huu, tangu dada, mkewe, alipofariki. Shemeji kasema kitabu hiki kikiisha, basi. Kila mtu ashike njia yake. Kasema huku anachonga penseli, bila hata kunitazama!

Jumanne, 5 Machi
Kurasa nne. Nilimsomea hadithi kwanza, kisha akatoa wino. Akishika wino hataki kitu mkononi, hata saa huvua, isije ikachafua karatasi. "Nishikie, shem." Nilikuwa na kalamu huku, kikombe kule – nikaivaa. Bangili mbili, kama bibi harusi!

Alhamisi, 7 Machi
Majibu! Mistari miwili kwenye kompyuta: mwanzoni kila mmoja na lake, halafu inapanda pamoja, inashuka pamoja. Mtafiti hajawahi kuona watu walioshibana hivi. Shemeji kaisogelea kompyuta. Kisha kasema polepole: labda nilikosea, shem, tuanze kingine. Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu.

Jioni. Nilikuwa naosha vyombo. Mungu wangu – bangili! Zote mbili nilivaa mimi. Nimeshibana na nafsi yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi nimemwomba mtafiti anionyeshe dakika za mwanzo, kabla ya wino. Hapo shemeji alivaa mwenyewe. Mstari wake umetulia, umetulia, mpaka nilipofika maneno ya mama wa hadithini. Unaruka. Kila mara. "Sehemu hii aliipenda sana," mtafiti kasema.

Bangili haijui furaha na maumivu, vyote kwake ni kuruka. Mimi najua. Yule mama nimempa maneno ya dada yote, hata ile "Nione mikono!" kabla ya kula. Miaka sita namsomea mtu sauti ya mkewe, sijamuuliza kama anaiweza. Nimeona aibu.

Mchana. Naandika hapahapa mezani, shemeji anadhani ni hadithi. Nimemwambia nina neno. Kasema subiri, wino umeshafunguliwa. Kanipa bangili – nimeishika tu, bado ina joto lake. Kachora mlango, na mama amesimama mlangoni.

Ananiuliza, mama anasemaje hapa?