Walrasi Hawangoji Watoto

Kemunto, mdogo wangu,

Aki wewe ulinisumbua na hao walrasi wako! Kila jioni pale nyumbani Langas, kabla sijamaliza kuosha vyombo, unaniletea kile kitabu cha wanyama ambacho Mama aliokota shuleni alikokuwa akifagia. Kitabu chote, na wewe ulitaka ukurasa mmoja tu: mnyama mnene wa bahari ya barafu, meno mawili yanashuka hadi kifuani, masharubu magumu kama ufagio. Kilikuwa cha Kiingereza, kwa hivyo mimi nilikuwa mtafsiri wako. Nilikusomea kwamba kwa hayo masharubu hupapasa matope chini ya maji akitafuta chaza, akimpata humfyonza, gamba analiacha hapo hapo. Kwamba mama hunyonyesha miaka miwili na zaidi, na hatari ikija humkumbatia mtoto kifuani akazama naye. Hapo ulipapenda. Kila siku ulinirudisha hapo.

Lakini kuna sentensi niliyokuficha. Walrasi hulala ufuoni kwa maelfu, wamelaliana, na wakishtuka hukimbilia majini wote kwa pamoja, wakawakanyaga wadogo. Ulikuwa na miaka saba. Ukauliza, "Na watoto?" Nikakujibu, "Mtoto akisimama pale pale, wote humngoja." Nilidanganya ili ulale.

Halafu matokeo ya kura yakatangazwa, nyumba za majirani zikaanza kuchomwa. Tulikimbilia kituo cha polisi, Mama mbele na godoro kichwani, sisi nyuma, mkono wako mkononi mwangu. Karibu na geti kitu kililipuka nyuma yetu, umati ukasukumana. Mfuko niliobeba ukaniteleza. Nikakuachilia ili niudake. Mfuko wa nguo, Kemunto! Nguo! Nilipogeuka ulikuwa umesimama wima katikati ya watu, hukimbii, hulii, unaniangalia tu. Ulikuwa unangoja. Kisha umati ukakufunika, sikukuona tena ukiwa hai.

Mama nilimwambia uliniponyoka mkononi.

Siku hizi yeye anaishi Kapseret, ana ng'ombe mmoja. Mimi nafundisha hapa mjini. Kila mwezi wa kwanza, siku tuliyokupoteza ikirudi, husema, "Ningetupa hilo godoro, ningewashika wote wawili." Mimi naendelea kuchambua mboga. Nawe huniachi. Nikigeuka kutoka ubaoni nakuona kati ya madawati, na lile gauni lako la kijani la siku ile. Wiki jana nilikuta habari za walrasi kwenye kitabu cha darasa. Nikaisoma ile sentensi kwa sauti, mara yangu ya kwanza. Sikuimaliza. Watoto walidhani naugua, nami nilitoka nikalia nyuma ya vyoo kama mwendawazimu.

Nimechoka kumwona Mama akibeba kosa langu. Sijui kama atanisamehe, na naogopa, siwezi kukuficha. Lakini kesho asubuhi naenda Kapseret. Nitamwambia kabla hajanimiminia chai, maana nikishainywa chai yake sitaweza.

Kwaheri, mdogo wangu.

Dada yako,
Moraa