Upinde wa Baba na Mila ya Kwao Mama

Jumamosi, Juni 2006. Baridi kavu. Jua lipo, lakini halipashi kitu.

Leo nimetunga mila ya kabila zima, na sijamwambia mtu.

Najua inavyosikika. Mimi ndiye yule ambaye darasani nilijua jibu nikalimeza. Nilimaliza shule mwaka jana, na nadhani wako walimu ambao hawajui sauti yangu ikoje. Hapa mtandaoni naandika kwa Kiswahili kwa sababu rafiki zangu wa Joubert Park hawakisomi, basi naweza kupumua.

Baba ni mtu wa hapa hapa Johannesburg, ila ujana wake aliumalizia uhamishoni Morogoro. Huko alimwoa mama, Mluguru wa Mgeta, na huko nilizaliwa mimi. Wajomba zangu ndio waliomfundisha kuwinda kwa upinde. Sasa kila majira ya baridi yeye na wenzake wa uhamishoni huenda Limpopo, kwenye shamba la rafiki yao, kuwinda swala. Mwenye shamba hataki bunduki kwa sababu ng'ombe wa jirani wako karibu. Ni mishale tu.

Mwaka huu bega la kulia la baba limegoma. Daktari anasema kiungo kimelika. Mkono unapanda mpaka usawa wa kifua, hauendi zaidi. Asubuhi namshikia koti aingize mkono, na sote wawili tunajifanya kwamba shida ni uzito wa koti.

Wenzake hawajui. Kuna mmoja wao ambaye magoti yalianza kumsumbua, wakampa kazi ya kulinda moto na kugeuza nyama. Walimtania sana, kwa upendo. Msimu uliofuata alisema ana shughuli. Hajaenda tena.

Juzi juzi baba aliniita jikoni.

"Wewe mwenye intaneti, nitafutie upinde wa kumfaa mtu mwenye bega bovu. Ni rafiki yangu mmoja."

"Bega lipi, baba?"

"La kulia," akasema, huku anatazama dirishani.

Nikasoma mpaka mwenye kafe ya intaneti akaniuliza kama nataka kuingia jeshini. Upinde wa kawaida unauvuta, kisha unaushikilia hivyo hivyo umevutwa mpaka mnyama akae vizuri, na hapo ndipo bega linapokufa. Lakini kuna pinde zenye kitako, zinazoshikwa kama bunduki. Ukishaukaza, kamba inanaswa na kushikiliwa na upinde wenyewe. Unabaki na kazi ya kidole tu.

Tabu ni kuukaza. Wenye nguvu hukanyaga sehemu ya mbele na kuvuta kamba kwa mikono miwili. Wengine hutumia kamba ya ziada yenye vishikio, inayopunguza uzito karibu nusu, lakini hata hiyo inataka mabega mawili mazima. Na upo wenye mkono wa kuzungusha, kama wa kuvutia ndoo kisimani. Huo hata mtoto anauweza. Niliandika jina lake kwenye kiganja changu.

Leo tukaenda dukani. Malume Themba, mjomba wa kuitwa tu, ndiye aliyetupeleka kwa bakkie lake, yaani pikapu, akidhani baba anataka tu upinde mpya. Yeye alikaa Lusaka enzi zile, Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo", hivyo naye tunaongea Kizulu, na ni rafiki wa baba kuliko wote. Pia ndiye mwenye mdomo kuliko wote.

Mwenye duka, mama mmoja Mzungu wa Kiafrikana mwenye miwani shingoni, alitupeleka uani kwenye shabaha ya nyasi. Malume Themba akachukua upinde wa kwanza, akakanyaga, akavuta, kamba ikanaswa. Akacheka kama amemwangusha ng'ombe.

"Haya, mfowethu, ndugu yangu! Zamu yako."

Baba akaweka mguu. Akashika kamba. Hakuvuta. Aliinama pale akiiangalia, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa chini.

Yule mama alimtazama bega, kisha akaenda akaleta ule wa kuzungusha.

"Eish! Ni nini hiki?" Malume Themba akauliza. "Mashine ya kusagia nyama? Hii ni ya vikongwe, mfowethu. Ukifika nayo Limpopo tutakupa aproni na uma wa kugeuzia nyama."

Baba akacheka. Namjua baba, kile hakikuwa kicheko. Akaondoa mguu, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Basi. Twendeni. Mwaka huu nina kazi nyingi hata hivyo."

Sikuamua kusema. Nilisikia tu mtu anaongea, na alikuwa mimi.

"Kwao mama, mwindaji hakazi upinde wake mwenyewe. Binti yake ndiye anayemkazia."

Nikahisi masikio yanaungua. Wajomba zangu wanakaza pinde zao wenyewe, wanatema mate na kwenda porini. Baba anajua. Ameishi nao.

Malume Themba alimgeukia. "Kweli?"

Baba alinitazama kwa muda. Sijawahi kutazamwa vile.

"Kweli," akasema taratibu. "Nilipooa niliambiwa. Binti akishakuwa mkubwa, unampa kazi hiyo. Ukikaza mwenyewe nyama inakuwa chungu."

"Chungu!"

"Na wakwe wanakutoza mbuzi."

Malume Themba akavua kofia. Akaishika kifuani, na uso wake ukawa wa kanisani. "Kwa nini hukusema miaka yote hii? Mila ni mila. Na mimi nisiye na binti je?"

"Wewe hukuoa Mgeta. Sumbuka na mgongo wako."

Yule mama akanionyesha: vidole mbali na njia ya kamba, na kamwe usifyatue bila mshale. Nikaanza kuzungusha.

Sijui nieleze vipi. Hakukuwa na uzito. Tiki, tiki, tiki, kama saa ya ukutani, na mbele yangu mabawa ya upinde yakawa yanajikunja kidogo kidogo, kwa mkono wangu huu ambao unashindwa na kifuniko cha jamu. Kamba iliponaswa nilisikia mlio mdogo mkavu, na nikajua kwamba nguvu za mwanamume mzima zimekaa pale, zimetulia, zinangoja. Nilishusha pumzi nikamkabidhi baba kwa mikono miwili, kama mtu anayepokeza mtoto mchanga.

Aliketi. Akaegemeza upinde kwenye kijiti chenye panda. Kitako akakiweka bega la kushoto, lile zima, na mkono wa kulia ukashikilia kwa chini, usawa wa kifua. Haukuhitaji kupanda zaidi.

Mshale sikuuona ukienda. Niliona tu manyoya yake yakitokeza katikati ya nyasi, na mengine yote yamezama ndani.

Baba alibaki ameketi, shavu kwenye kitako, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kama kwenye picha zake za Morogoro.

Njiani alikaa mbele na upinde miguuni. Kila tuliposimama kwenye robot nyekundu, yaani taa za barabarani, Malume Themba aliniuliza kwenye kioo habari zaidi za mila yetu. Nilijibu kwamba mengine hayasemwi. Aliafiki kwa heshima kubwa.

Nilidhani imeishia hapo. Jioni tukiwa mezani simu ya mama ikalia, aliyepiga ni Malume Themba, anataka kuhakikisha asije akakosea mbele ya wenzake. Mama hakuwa ameambiwa lolote. Nilisikia sauti ya yule mzee ikieleza, ikieleza. Baba aliacha kutafuna. Mimi nilitazama ugali.

Mama aliangalia bega la baba. Akaniangalia mimi.

"Ndiyo, shemeji," akasema. "Ni hivyo hivyo. Na huyo binti lazima apewe ini, tena la kwanza. Msije mkanisahaulia."

Akakata simu, akamwongezea baba mboga, akauliza nani amemaliza chumvi.

Mpaka sasa hatujalizungumzia jambo hilo, hata mmoja wetu. Mwezi ujao nakwenda Limpopo na wazee watano, mimi ambaye sijawahi kulala porini. Naogopa nyoka. Naogopa zaidi kusemeshwa. Lakini nitauzungusha ule mkono mbele yao wote, taratibu, kwa uso wa mtu anayetimiza jambo la wahenga.

Kwa hiyo wewe unayesoma, hasa kama kwenu ni Mgeta na unajua fika kwamba hakuna kitu kama hicho, nakuomba sana: usimwambie mtu. Ukiulizwa, sema ndiyo. Ukitaka, ongeza na lako.