Mteja Mwaminifu wa Kakuyuni

Kisumu Ndogo,
Malindi.

Kwa dada yangu mpendwa Kahonzi,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na watoto, na kile kifua cha mwanao Pola kimetulia. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Ningekupigia simu, lakini ningeanza kucheka ovyo na kubadilisha mazungumzo, unanijua.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke aitwaye Mueni, kutoka Nairobi. Kazi yake ni kukadiria thamani ya kampuni changa, kama hii yangu ya programu ya simu ya kutunza hesabu za duka. Kuna watu waliotaka kununua sehemu ya kampuni, nao ndio waliomtuma. Nilidhani atakagua kompyuta na samani, basi nikapaka meza rangi. Wala hakuitazama. Alinieleza kwamba kampuni ambayo bado haijapata faida hupimwa kwa wateja wanaolipa ada kila mwezi, na zaidi kwa wale wasiohama.

Hapo nikavimba kichwa. Wateja wa mjini huja na kwenda, lakini akina mama wa kikundi chako huko Kakuyuni, wale uliowaandikisha wewe, hajaacha hata mmoja. Mueni alisema wao peke yao wanaipandisha bei ya kampuni maradufu. Kisha akauliza mbona hawaifungui hiyo programu. Nikamjibu kwamba Kakuyuni mtandao ni hafifu. Uongo mtupu, dada, na niliusema bila kupepesa macho.

Ukweli naujua tangu mwanzo. Mnalipa kama mnavyochanga matangani, au mtoto wa mtu anapokwenda chuo. Uliwaambia mtoto wa nyumbani asaidiwe asije akaaibika mjini, nao wakakubali. Nami mchango wenu nikauita biashara.

Lakini hilo silo linalonitoa machozi. Siku ya kukutana na wanunuzi nilitaka kuwatia hamu. Nikasimama nikawaambia kwamba yuko mteja mmoja Kakuyuni, mwaminifu ajabu, ambaye duka lake limefungwa tangu masika na bado ada yake inaingia kila mwezi. Wakapiga makofi. Mueni hakupiga. Aliniuliza kwa upole duka hilo lilifungwa kwa nini.

Sababu siijui hadi leo. Uliponiambia kwenye simu kwamba umefunga duka, nilisema pole, nikaendelea kukusimulia habari za wanunuzi wangu. Sikukuuliza. Kisha nikakufanya tangazo mbele ya wageni. Naona aibu, dada, hata kuandika jina lako hapa naona aibu.

Niliwaambia palepale kwamba mteja huyo ni dada yangu wa tumbo moja, na wenzake wanachanga tu. Mueni akawaondoa nyote kwenye makadirio, bei ikaporomoka. Wanunuzi wakaomba muda wa kufikiri, nami najua hawarudi.

Tafadhali waambie akina mama wasitume tena, na kwamba nawashukuru. Wewe usitume hata shilingi. Wasalimie watoto wote, na jirani yako Gladys usimsahau. Jumamosi nitakuja huko, na safari hii sina la kujisifia. Nitakaa jikoni kwako, nawe utaniambia duka lilifungwa kwa nini. Sitakukatiza.

Ni mimi mdogo wako,
Ngumbao