Aliyekuja Kuomba Chumvi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nimefika mwisho. Nna mtoto wa miezi mitatu, mume wangu Khalil kazi yake iko Duqm, huja mwisho wa wiki tu, nami nakaa Ansab ghorofa ya juu, chini yumo mama yake, Bi Mahbuba. Tangu nijifungue, nikisinzia tu jinamizi hunishika, niko macho, namsikia mwanangu analia, lakini mkono haunyanyuki, na kifuani kama pamekaa mtu, nataka kusoma Ayatul Kursiy ulimi haufunguki. Nikamhadithia Mjerumani mmoja niliyefanya naye kazi, akasema hata kwao wazee walimjua huyo anayekalia watu kifuani, ni mwanamke aliye hai, hupenya tundu la ufunguo, na dawa yake umwambie, "Njoo asubuhi nikupe chumvi," basi atakayegonga wa mwanzo kuomba, ndiye. Yeye alisimulia kama ngano, mimi nikafanya kweli, ulimi ulipokataa nikayasema moyoni. Asubuhi mlango ukagongwa. "Mwanangu, nigaie chumvi, yangu imenishia na supu yako iko jikoni." Mama mkwe! Nikamfungia mlango usoni, na tangu hapo simpi mtoto, akija nasema kalala, juzi akaniuliza, "Nimekukosea nini, mwanangu?" Sasa wifi yangu Khole anakuja Ijumaa kumchukua mama yake akakae kwake Ruwi, na mimi silali tena kwa khofu, mtoto akilia nalia naye, jana nilimtazama nisihisi kitu. Nimwambie Khalil kuwa mama yake mchawi?

Mama Hajar, Ansab

Mama Hajar, pole, na ipokee kabla sijakugombeza. Neno hilo usimwambie Khalil, likishatoka halirudi. Jinamizi huwajia sana wasiolala: akili imeamka, mwili bado.

Na dawa yako hiyo, bibi wewe, labda huko kwao mlango haugongwi asubuhi. Kwetu nani haombi chumvi? Angetangulia jirani kutaka kitunguu, ungemfanya mchawi yeye. Na supu ile ilikuwa ya nani?

Hilo la kumtazama mtoto usihisi kitu, silichezei. Kesho nenda kituo cha afya, mwambie daktari kama ulivyoniandikia, usipunguze. Huwapata wazazi wengi na lina matibabu. Ikikujia fikra ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kesho, nenda hospitali saa ileile.

Lakini leo, kabla Khole hajafika, jaza kibakuli chumvi, mbebe Hajar, shuka. Habari za tundu la ufunguo ziache juu. Sema, "Mama, nisamehe, nimechoka." Mpe mtoto. Kisha lala palepale kwake, kwa ubavu, si chali. Jinamizi likija, yupo wa kukuamsha.