Kadzama ya Kocha

Marereni, 3 Juni 1985

Kwa mpwa wangu Dzombo,

Hujambo? Mimi ni mzima wa kupita kiasi, maana bahati imenitafuta hadi imenipata. Hapa kwenye mashamba ya chumvi nimepewa timu ya mpira wa kikapu! Mimi niliyeishia darasa la nne ndiye kocha. Nikisema "ingia," mtu anaingia. Nikisema "keti," hata karani mwenye tai anaketi. Walitaka kuleta kocha wa Mombasa, wachezaji wakagoma: "Tunamtaka Kiponda!"

Na wewe huko chuoni, wacheza?

Mjombao,
Kiponda

Kilifi, 17 Juni 1985

Mjomba, shikamoo.

Goti lako laendeleaje? Mimi nina afya, furaha ndiyo sina. Nacheza benchi, Mjomba. Kocha wetu, Bwana Kioko, huniingiza mechi ikishaamuliwa, watu washaanza kwenda zao. Kweli mpira huniponyoka, lakini mkono utapata moto vipi kwa dakika mbili? Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Dzombo, dakika hazigawanywi kama wali wa matanga." Wenzangu wanacheka hadi leo.

Mechi ya kufunga muhula mama anakuja kutazama. Lazima nicheze. Wewe ni kocha: kocha mwenzako huendewaje?

Mpwao,
Dzombo

Marereni, 24 Juni 1985

Mpwa wangu,

Goti limepona lenyewe kwa kuogopa matusi yangu. Nawe uko salama?

Swali lako jepesi. Mkubwa haendewi mikono mitupu. Kwetu mwenye haja hutanguliza kadzama, mtungi wa mnazi, ndipo maneno yafuate. Nimemtuma mke wangu Kadzo ampelekee Bwana Kioko mnazi mtamu wa Magarini, kwa jina lako. Akishapiga funda la kwanza, utacheza mpaka uombe kupumzika! Hata mimi wachezaji wangu huniletea.

Mjombao,
Kiponda

Kilifi, 8 Julai 1985

Mjomba, shikamoo.

Mkaza mjomba alifika salama na kuondoka salama. Asiyesalimika ni mimi. Bwana Kioko ni mzee wa kanisa! Hata soda huitazama mara mbili kabla ya kuinywa. Mtungi alipewa mbele ya mkuu wa chuo.

"Kijana, waninunua kwa pombe?"

Nikamwambia kadzama si hongo, ni heshima, na kwetu mzee anayeendewa bila kitu ndiye aliyetukanwa.

"Nimekusikia," akasema. "Mechi hii huchezi. Keti."

Sikuketi. Nilivua jezi nikamwekea mezani, nikamwambia iko timu inayojua thamani yangu. Sijutii, wala radhi siombi. Chuo nacho basi. Jumamosi nashuka Marereni na sanduku langu. Niweke katika watano wako wa kwanza, Mjomba. Wewe hutaniketisha.

Mpwao,
Dzombo

Marereni, 10 Julai 1985

Dzombo mwanangu,

Hali nitakujulia siku nyingine. Barua hii anaileta Randu, dereva wa lori la chumvi, ikuwahi kabla ya Jumamosi. Kama sanduku umelifunga, lifungue.

Jumapili naja mwenyewe kwa Bwana Kioko, nimevaa shati jeupe. Nitamsubiri mlangoni mwa kanisa nimwambie: mnazi ni wangu, wazo ni langu, mtoto hana kosa. Akinifukuza, Jumatatu atanikuta palepale. Na dakika simwombi hata moja! Hizo utazichuma kwa jasho lako.

Wewe kaichukue jezi yako. Kaa kwenye benchi hilo kifua mbele, umtumbulie macho mpaka achoke kukuona umekaa. Mamako aje akukute umeivaa. Wakicheka, waache wacheke. Na masomo usiyaache kwa hasira ya mtu mmoja. Mimi niliyaacha hivyo hivyo.

Huku usije. Hakuna watano wa kwanza, hakuna hata wa mwisho. Timu sikupewa. Nakokota chumvi juani kama mwaka jana na mwaka juzi. Nilikudanganya.

Mjombao,
Kiponda